Kitu cha Marehemu Hakitoki Kichafu

Wote tulimwita Metroni, ingawa katika Marekani yote hapakuwa na hospitali hata moja iliyomtambua kwa cheo hicho. Nyumbani Kenya, kule bara, aliwahi kushika wodi nzima mkononi kama mtu anavyoshika funguo. Hapa Laurel, Maryland, alikuwa mmoja wa wale akina mama wa sare ya samawati na viatu vyeupe, wanaowaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba za kutunzia wazee. Marekani ilimvua cheo chake pale pale uwanja wa ndege. Sisi tuliokula ugali wake tukamrudishia.

Niliishi kwenye besmenti yake, chumba cha chini ya nyumba, katika miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa nikiandika tasnifu ya udaktari kuhusu usimamizi wa maji vijijini, na mvua ikinyesha besmenti ile ilinipa mifano hai. Aliniita Daktari tangu siku ya kwanza, kwa sauti ile ambayo mtu humwita mtoto wa miaka mitatu "bwana mkubwa".

"Daktari, umeoga?"

"Nimeoga, Mama."

"Na maji ama na mawazo?"

Usafi ndio uliokuwa serikali ya nyumba ile. Kwetu bara, mwanamke mgeni akiingia jikoni haangalii kilichomo ndani ya sufuria. Anaigeuza aone makalio yake. Sufuria za Metroni zilitundikwa ukutani zikiwa zimegeuzwa tayari, ili kumwondolea mgeni taabu. Ziling'aa hata ukapita hapo ukajikuta unanyoosha kola. Jiko lake lilikuwa la umeme, na jiko la umeme halina masizi, lakini hilo halikumzuia. Kila tulipokwenda kuchoma nyama bustanini wakati wa joto, alikuja na mkebe wa kahawa, akangoja moto ufe, akachota jivu la kusugulia sufuria. Wamarekani waliokaa meza za jirani walitutazama kwa huruma, wakidhani ni mtu wetu aliyechomwa.

Alikuwa na misemo, mingi akiitunga hapo hapo kulingana na uchafu aliouona. "Mgonjwa huanza kupona kwenye shuka." "Maji ya moto hayabishani." Mchungaji wetu alipokuja kula na kuelekea mezani moja kwa moja, aliambiwa mbele ya waumini kwamba uchafu hauna dhehebu, na sinki liko kushoto. Mchungaji alinawa. Nilimwona akijikagua kucha wakati wa sala ya chakula.

Lakini gari lake! Mtu aliyetoka ndani ya nyumba ile na kuingia kwenye lile gari angedhani ametekwa nyara. Chini kulikuwa na vikombe vya karatasi, magazeti ya bure, mwavuli uliovunjika mbavu, viazi vilivyokauka vikawa kama kokoto. Mfuko wa mlango wa dereva ulijaa maganda ya njugu hadi yakamwagika. Siku moja, kwa kiherehere cha mpangaji anayetafuta sifa, nilianza kuyachota maganda yale nikiyatia kwenye mfuko wa taka. Alinipiga kofi mkononi.

"Wacha."

"Mama, ni takataka."

"Gari ni barabara, Daktari. Na barabara haifagiliwi na mtu mmoja."

Nikayarudisha, ganda kwa ganda, nikiuona msemo ule kuwa ni falsafa nzito. Wasomi ndivyo tulivyo: tukiambiwa wazi kwamba hatutakiwi mahali, tunasikia falsafa.

Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache na njugu nyingi. Alikuwa mlinzi katika bohari kubwa kule Landover, na kazi ile ilimtaka abebe bastola, aliyoinunua mwenyewe. Metroni hakuipenda hata kidogo. Mume akirudi, aliiweka ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, juu kabisa kabatini, kisha akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla hajaruhusiwa kumsalimia mkewe. "Hiyo kitu yako," ndivyo Metroni alivyoiita. "Hiyo kitu yako isiwahi kupita jikoni kwangu." Haikupita. Na kwa kuwa bohari lile halikuwa na kitu ambacho mwizi mwenye akili angekitaka, haikupata pia kufyatuliwa. Mzee wa watu aliibeba kwa miaka kama mtu anavyobeba mwavuli jangwani.

Alifariki mchana mmoja akiwa kazini, ameketi kitini, moyo umesimama. Aliyemkuta ni mlinzi mwenzake, Mkongo mmoja mrefu aliyekimbia vita huko mashariki mwa Kongo. Ni huyo huyo, baada ya mazishi na baada ya karatasi za kisheria kukamilika, aliyemletea Metroni vitu vya kazini: sare, viatu vya kubadilisha, kibakuli cha chakula, na ile bastola. Risasi zilibaki huko huko.

Sasa, kwao Metroni kuna desturi, na wengi wetu wa bara tunayo kwa namna zetu. Matanga yakiisha, vitu vya marehemu hufuliwa, hunyooshwa, hugawiwa jamaa na marafiki. Hapo ndipo msiba unafungwa. Kwa Metroni desturi hiyo ilikuwa sheria, na sheria ilikuwa na kifungu kimoja kisichojadiliwa: kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kichafu.

Alifua wiki nzima. Alipiga pasi hadi soksi. Kisha akatugawia wanaume wa ibada yetu, na kwa muda mrefu baadaye kanisa lilijaa mashati ya marehemu. Mbele yangu liliketi shati lake la mistari, kulia kwangu lile la bluu, na mchungaji alihubiri akiwa amesimama ndani ya viatu vyake. Mimi nilipata koti la baridi. Mikono yake iliishia mbali kabla ya yangu, nikalivaa hivyo hivyo majira yote, nikionekana kama mtu ambaye bado anakua.

Ikabaki bastola.

Nilikuwapo siku ilipopita jikoni kwa mara ya kwanza. Aliniita juu. Alikuwa amevaa glavu za kazini, na bastola imelazwa juu ya taulo jeupe, kati ya chumvi na majani ya chai.

"Njoo uone, Daktari. Mwanaume alikuwa anabeba kitu imejaa masizi hivi, na mimi niko hapa?"

Niliinama. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu dola na matumizi ya nguvu, lakini sikuwahi kuikaribia bastola kiasi kile. Ilikuwa nyeusi, weusi wenye kuelekea bluu, kama mgongo wa sufuria iliyokaa sana kwenye mafiga. Pande za mshikio zilikuwa na vibao viwili vya mti, vyenye giza na mng'ao wa mafuta ya kiganja.

"Ni masizi," nikasema. "Ya baruti, bila shaka."

"Lakini hakuwahi kupiga nayo hata mara moja."

"Basi ni masizi ya zamani."

Tukatosheka wote wawili. Akafungua vibao vile kwa bisibisi, akaviweka ndani ya mkebe wa biskuti. "Hizi nitafanya mwisho," akasema. Kisha akaleta siki, ndimu, waya wa kusugulia sufuria na mkebe wake wa jivu la bustani, akakunja mikono, akaanza.

Masizi yakatoka! Yalitoka vizuri kuliko tulivyotumaini. Chini yake kilijitokeza chuma cheupe, na kila kilipojitokeza Metroni alisema, "Unaona?" nami nikasema naona. Ilipofika saa ya chakula cha mchana bastola ilikuwa nyeupe kama sufuria ya harusi. Akaianika dirishani, juani, ikauke.

Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imeota kutu. Ulikuwa msimu wa joto, na joto la Maryland ni joto la mvuke. Hata chumvi mezani inalia. Kutu ilianza kama vipele vidogo, ikasambaa. Metroni aliisugua, ikarudi. Akaisugua tena, ikarudi na wenzake. Mkongo alipopita Jumamosi kumjulia hali, akaonyeshwa.

"Yoo! Mama! Hii umeifanya nini?"

"Nimeiosha."

"Umeiosha na nini?"

Metroni akamtajia, kwa fahari, kama mpishi anayetoa siri ya pilau. Mkongo akavuta kiti, akakaa taratibu.

"Mama, ile haikukuwa buchafu. Ile ni langi yake. Banaitiaka kule banatengenezaka, ili isipate kutu. Sasa umeitosha nguo. Iko uchi."

Metroni akaitazama bastola, kisha akanitazama mimi.

"Daktari alisema ni masizi," akasema.

Mkongo alinitazama kwa upole mwingi, upole unaotuumiza sana sisi watu wa vyuo. Lakini aliyeumia zaidi siku ile si mimi. Lile neno "uchi" ndilo lililomchoma Metroni. Muuguzi aliyefunika watu maisha yake yote, aliyewapigia madaktari kelele kwa kusahau kuvuta pazia, alikuwa amemvua mumewe kitu chake cha mwisho na kukianika dirishani.

Mkongo alimwambia kuna mafundi wa kuirudishia rangi. Metroni akakataa: kitu cha mumewe kitashikwashikwa na watu asiowajua, wenye mikono ambayo hajui imetoka wapi?

"Basi isugue zaidi," akasema Mkongo. "Isugue mpaka inakuwa sawa na kioo. Ikiteleza vizuri, na ukipaka mafuta, kutu inakosa fasi ya kushika. Lakini ya ndani usiguse. Na namba ile iliyochongwa usiguse, Mama. Ukifuta namba ile, polisi banakufunga, hata mie sikujue."

"Na nikimaliza, utaichukua wewe?"

"Hapana, Mama. Kwa kazi ni ya kazi. Kwa nyumba yangu, hapana. Mi nilikimbia hizi bitu."

Hivyo ndivyo nyumba ya Metroni ilivyopata kiwanda.

Kila Jumamosi asiyokuwa zamu, baada ya chai, alitandika taulo na kupanga vyombo kama meza ya upasuaji: pamba, mswaki wa meno, vipande vya bandeji, msasa wa kila aina kutoka ule mkali hadi ule laini kama ulimi wa paka, dawa ya kung'arishia chuma, chupa ya mafuta. Namba alizifunika kwa plasta ya hospitali, akizikwepa kama mtu anayemkata mtoto mchanga kucha. Alisugua kuelekea upande mmoja tu, kwa saa nzima, kisha akabadilisha msasa akasugua kuelekea upande mwingine mpaka mikwaruzo ya kwanza iishe. Aliimba nyimbo za kanisani, na beti zile zenye pambio refu zilifaa zaidi kwa sehemu ya mtutu.

Kabla ya yote hayo kulikuwa na ukaguzi. Muuguzi hatoi dawa ya hatari mpaka macho mawili mengine yaitazame, na macho mawili mengine yalikuwa yangu. Aliniita hata kama nilikuwa katikati ya sentensi, na siku zile sentensi zilikuwa adimu.

"Angalia ndani."

"Nimeangalia, Mama."

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"'Sijaona kitu' ni ya kipofu. Sema vizuri."

"Hakuna risasi."

"Na magazini ya risasi?"

"Iko kando. Tupu."

"Asante. Enda ukamalize maji yako."

Wakati mmoja niliishika bila glavu. Sikumbuki kwa nini. Nadhani nilitaka kujua uzito wake. Jumamosi iliyofuata palikuwa na alama ya kutu ubavuni, imeviringana vizuri kabisa, na mistari yake yote.

"Hii ni dole gumba ya nani?"

Nikauficha mkono mfukoni.

"Leta dole."

Nilileta. Akalishika kwa ncha za vidole, akalilinganisha na ile alama, akageuza kichwa huku na huku kama hakimu. Kisha akanipeleka sinki na kuniosha yeye mwenyewe kwa ndimu na brashi, nikiwa mtu mzima niliyefundisha wanafunzi wa chuo jana yake.

"Mkono yako iko na chumvi mingi," akasema. "Ni hiyo kusoma. Unatoka jasho bure."

Bastola ikabadilika. Kwanza iling'aa kama kijiko, baadaye kama bomba jipya la maji. Kisha siku moja nikapanda ngazi nikamkuta amevaa nguo za ibada, ameinama juu ya taulo, anajifunga kitambaa cha kichwa huku akijitazama ubavuni mwa ile bastola. Alivuta ncha moja, akajiangalia, akavuta nyingine.

"Mama, kuna kioo bafuni."

"Cha bafuni hakinioni vizuri," akasema.

Mchungaji aliposikia habari alikuja. Alikuwa kijana mwema, na alidhani ni wajibu wake kusema neno kuhusu panga kufuliwa kuwa majembe. Metroni alimsikiliza hadi mwisho.

"Ni kweli, Mchungaji. Lakini hata hao walifua kwanza." Kisha: "Omba tu. Usiishike."

Aliomba akiwa ameficha mikono nyuma.

Ningeweza kuendelea na hadithi za kiwanda kile, na kwa miaka nimezisimulia kwa vichekesho kwenye karamu za watu. Lakini palikuwa na jambo ambalo halikuwa kichekesho, na wote tulilijua, kwa sababu Metroni alizungumza na simu kwa kipaza sauti ili mikono ibaki huru.

Binti yake aliishi Sterling, ng'ambo ya mto, Virginia, akifanya kazi ofisini karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Alielewa Kiswahili chote, hadi matusi, lakini alijibu kwa Kiingereza. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na chumba cha bibi kilikuwa tayari: kitanda, mapazia, hata ndoano za sufuria. Alitaka mama aache kuwaogesha wazee wa watu, aje amlee mjukuu wake. Metroni alilitaka hilo kuliko kitu chochote chini ya jua. Alikuwa na picha ya mtoto mfukoni mwa sare na aliwaonyesha wazee wale wale kila zamu, kwa vile wengine walisahau, wakafurahi upya.

Sharti la binti lilikuwa moja. Hiyo bastola haiingii nyumba yenye mtoto.

"Wape polisi, Mum," alisema kwa Kiingereza chake. "Waite tu, waje waichukue."

"Na kutu hivi?"

"Mum. Ni bunduki. Wataiyeyusha."

"Hata maiti huogeshwa," akasema Metroni, "na anaenda kuoza."

Binti akauliza itakuwa lini.

"Nikimaliza. Mwezi ujao."

Mwezi ujao ulikuja, ukapita, ukaja mwingine. Mtoto akakaa. Mtoto akatambaa. Kutu yote ilikuwa imekwisha. Mimi kwa macho yangu ya kisomi sikuona tena cha kusugua. Metroni alikiona. Alipata ukungu mdogo chini ya mtutu, mkwaruzo ambao huonekana ukiielekeza dirishani saa fulani. Mtu anayesugua hivyo huwa amekwisha kumaliza. Nilijua, kwa sababu chini ya nyumba ile ile kulikuwa na tasnifu iliyohitaji sura moja tu, na kila wiki niliisafisha sura ya kwanza.

Mwishoni mwa ule mwaka ambao watu waliambiwa kompyuta zote zitakwama mwaka 2000 ukiingia, binti alipiga simu. Alikuwa amechoka, ilisikika.

"Mum, nimepata mwanamke wa kumlea mtoto. Ni mzuri. Nimemwambia nitampa jibu kabla ya mwaka mpya."

Metroni hakuacha kusugua. "Anajua kuoga?"

"Mum."

"Nauliza tu. Mtoto atajua mikono ya mtu."

"Basi iwe yako," binti akasema, na mara hiyo, ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia, alisema kwa Kiswahili.

Jumamosi iliyofuata sikuitwa kukagua. Nilingoja, kisha nikapanda mwenyewe. Taulo lilikuwa limetandikwa. Bastola ilikuwa imefungwa tayari ndani ya kitambaa cheupe cha meza kilichopigwa pasi, pembe kwa pembe. Mkebe wa biskuti ulikuwa wazi. Metroni alikuwa amekaa na vile vibao viwili vya mti mapajani, mbele yake bakuli la maji ya sabuni na kitambaa. Kitambaa kilikuwa kikavu. Povu lilikuwa limekwisha kulala, maji yamepoa.

"Nikusaidie, Mama?"

Akafunika mkebe.

"Daktari, pigia polisi simu."

Ilinibidi nimweleze askari wa mapokezi mara kadhaa. Majira yale watu walikuwa wakinunua maji, maharage, mishumaa na bunduki, wakingoja dunia izimike; mama wa Kiafrika anayetaka kutoa yake alikuwa jambo geni. Tukaambiwa tuje nayo ndani ya buti la gari, isiwe na risasi, tusiingie nayo kituoni, askari atatoka nje.

Akatoka kijana mmoja mwenye mashavu mekundu kwa baridi. Akafungua buti. Nilikuwa nimelisahau buti! Kulikuwa na chupa tupu, tairi lililopasuka, kiatu kimoja cha mtu asiyejulikana, majani makavu ya misimu kadhaa. Na katikati ya jaa lile, kama yai ndani ya kiota, kitambaa cheupe pe. Kijana alivaa glavu. Metroni akatikisa kichwa kukubali. Akafunua pembe moja, ya pili, ya tatu, na jua la Desemba likampiga machoni.

Akamwita mwenzake aje aone.

"Mama, nani alikufanyia kazi hii?"

"Mimi."

"Kwa mashine gani?"

Metroni akavua glavu za baridi, akamwonyesha mikono yake pande zote mbili.

Yule kijana aliigeuza bastola taratibu, akatazama mshikio uliobaki chuma kitupu. "Vibao vyake viko wapi?"

"Mbao huoza," akasema Metroni.

Nilimtazama. Hakuna kitu kilichowahi kuoza ndani ya nyumba ile bila ruhusa yake. Lakini alikuwa amenyoosha shingo, na uso wake ulikuwa ule wa wodini. Kijana akaandika alichokuwa anaandika, akafunga kitambaa, akaanza kuondoka.

"Kitambaa changu," akasema Metroni.

Akarudishiwa. Alikikunja hapo hapo kwenye baridi, pembe kwa pembe, akaingia ndani ya gari upande wa abiria, akanipa funguo. Mimi nikaendesha, goti langu likigusa yale maganda ya njugu kila nilipokata kona.

Mwaka mpya ulikuja na taa zikakataa kuzimika. Nilihamia kwingine, mahali pakavu zaidi, na kwa kukosa maji nikamaliza tasnifu. Nilimtembelea Metroni kwa binti yake, Sterling, majira ya machipuko, nimevaa lile koti. Aliponifungulia mlango mjukuu alikuwa kiunoni mwake, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, amejifunza tayari kunitazama viatu.

"Daktari," akasema Metroni. Akasita. "Eti sasa ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

"Haya. Sinki liko kushoto."

Tulikula. Binti yake alicheka kwa Kiingereza, sisi kwa Kiswahili, na mtoto kwa lugha yake. Sufuria zilikuwa ukutani zimegeuzwa. Baada ya kula niliosha vyombo, kwa sababu udaktari wangu haukubadilisha cheo changu katika jiko lile, na Metroni akasimama nyuma yangu akipokea kila sahani, akiipeleka kwenye mwanga, akinirudishia baadhi.

Dirishani juu ya sinki, kati ya sabuni na mche wa kitunguu, kulikuwa na vibao viwili vya mti, vimewekwa ubavu kwa ubavu. Vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya kiganja. Katika mikwaruzo yake jasho la miaka lilikuwa limeganda kama nta, na kimoja kilikuwa na bonde dogo mahali ambapo dole gumba la mtu hukaa akiwa anangoja zamu iishe. Katika nyumba nzima hakuna kingine kilichokuwa hivyo. Mkono wangu, uliofundishwa naye, ulikuwa tayari umeshakunja kitambaa chenye maji na kunyooka.

"Hizo wacha."

"Ni chafu, Mama," nikasema.

"Najua," akasema Metroni, akanipa sahani nyingine.